Modemu ya 56 na kebo ya gigabiti: kasi imeongezeka mara ngapi hasa?

SWALI: Ndugu mtaalamu, ninaendesha stesheneri hapa Ilazo, Dodoma, yenye kompyuta nne zilizounganishwa kwa kebo, na nimelipia faiba ya Mbps 20. Mzee aliyenifundisha kazi hii hupenda kutuambia kwamba mwishoni mwa miaka ya tisini walipata intaneti kwa kupiga simu, kwa modemu ya 56, kile kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu, na kwamba sisi wa leo tuna kasi maelfu ya mara kuliko yao lakini bado tunalalamika. Kompyuta yangu moja inaandika kwamba imeunganishwa kwa 1.0 Gbps, nyingine inaandika 100 Mbps ingawa fundi alitumia kebo ya aina moja, na zote mbili zikipakua faili haziendi zaidi ya MB 2.3 kwa sekunde. Je, kasi yangu ni mara ngapi ya ile ya mzee, na hiyo gigabiti iko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hesabu yenyewe, kisha nieleze kwa nini ina majibu zaidi ya moja. Kasi unayoipata kutoka kwenye intaneti ni takriban mara 357 ya modemu ya 56 tukilinganisha namba zilizoandikwa kwenye karatasi, na inakaribia mara 470 tukilinganisha kile ambacho watumiaji walikiona kweli kwenye skrini, wakati ule na sasa. Kebo inayotoka kwenye swichi (kisanduku kinachoziunganisha kompyuta zako) hadi kompyuta yako ya kwanza, kwa upande wake, ina uwezo wa karibu mara 18,000 ya modemu hiyo. Mzee wako, kwa hiyo, anasema kweli kuhusu kebo na anatia chumvi kuhusu intaneti, na wewe umelipia kitu kimoja huku ukisoma kipimo cha kitu kingine. Data hupita sehemu nyingi zinazofuatana kabla ya kukufikia, na kasi yake ya mwisho huamuliwa na sehemu iliyo nyembamba kuliko zote. Zama za modemu sehemu hiyo ilikuwa ndani ya mitambo ya simu. Leo, katika stesheneri yako, ni kifurushi ulicholipia.

Tusawazishe kwanza vipimo, kwa sababu malalamiko mengi kuhusu kasi huishia hapa. Namba 56 ya modemu ilimaanisha kilobiti 56 kwa sekunde, yaani biti 56,000, na namba 20 ya faiba yako ni megabiti kwa sekunde (Mbps), yaani biti milioni 20. Programu inayopakua faili, hata hivyo, hukuonyesha megabaiti (MB), na baiti moja ina biti 8. Ukigawa milioni 20 kwa 8 unapata baiti milioni 2.5 kwa sekunde. Windows huhesabu megabaiti moja kuwa baiti 1,048,576, hivyo zile milioni 2.5 husomeka kama 2.38, toa asilimia chache zinazochukuliwa na anwani na taarifa za udhibiti ambazo kila pakiti ya data lazima izibebe, na utabaki na 2.3 uliyoiona. Hujapunjwa chochote. Modemu nayo, kwa kanuni hiyohiyo, ilipaswa kutoa kilobaiti 7 kwa sekunde, lakini ilikuwa nadra laini ya simu kuruhusu 56 kamili. Mtumiaji wa kawaida aliona kilobaiti 4 au 5, na hiyo 5 ndiyo niliyoitumia kupata mara 470.

Sasa nije kwenye modemu yenyewe, ambayo kwa maoni yangu haitendewi haki inapozungumzwa. Wengi husema ilikuwa polepole kwa sababu ilitumia waya wa shaba wa simu ya mezani. Maelezo hayo hayasimami, kwa kuwa waya wa aina ileile ulikuja kubeba ADSL, huduma ya intaneti isiyohitaji kupiga simu, ya megabiti 8 kwa sekunde, na baadaye ADSL2+, ambayo ilifika megabiti 24 kwa wateja waliokuwa karibu na mitambo. Kikwazo kilikuwa kwenye ncha ya pili ya waya. Mtandao wa simu ulijengwa ili kubeba sauti ya binadamu, na wahandisi waliona kwamba masafa ya kati ya hezi 300 na hezi 3,400 (hezi ni mtetemo mmoja kwa sekunde) yanatosha kumfanya mtu aeleweke na hata atambulike kwa sauti yake. Kila kilichozidi hapo kilichujwa, ili mazungumzo mengi zaidi yabebwe kwa pamoja kati ya mji mmoja na mwingine. Modemu ilipopiga simu, mitambo haikujua kwamba inabeba data. Iliihudumia kama mazungumzo ya kawaida, ikakata masafa yaliyozidi kipimo hicho, na muda wote huo simu ya nyumbani au ya ofisini ikawa haipatikani kwa mtu mwingine yeyote.

Katika upenyo huo wa hezi 3,100 upo ukomo wa kihesabu ambao hakuna kiwanda kinachoweza kuuvuka. Claude Shannon, mtaalamu wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs, aliueleza mwaka 1948: kiasi cha data kinachoweza kupita bila makosa hutegemea upana wa masafa pamoja na uwiano kati ya nguvu ya ishara na nguvu ya kelele iliyomo kwenye laini. Laini nzuri ya simu, ambayo ishara yake ina nguvu mara 3,000 hivi ya kelele, hutoa ukomo wa takriban biti 36,000 kwa sekunde. Historia ya modemu ni historia ya kuusogelea ukomo huo: biti 300 kwa sekunde katika modemu ya Bell 103 ya mwaka 1962, 2,400 katikati ya miaka ya themanini, 14,400 mwaka 1991, 28,800 mwaka 1994, kisha 33,600 mwaka 1996. Hapo njia ile ikaisha.

Hata hivyo, mwaka 1998 kikatoka kiwango cha V.90 chenye biti 56,000, na mtu aliyesoma aya iliyotangulia ana haki ya kuuliza ziada hiyo ilitoka wapi. Ilitokana na kwamba mitambo ya simu yenyewe ilikwisha kuwa ya kidijitali. Sauti ya mpigaji ilipofika kwenye mitambo ilipimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo kikaandikwa kwa biti 8, jambo linalofanya biti 64,000 kwa kila laini. Sehemu kubwa ya kelele iliyokuwa ikizibana modemu ilizaliwa hapohapo, katika kuigeuza sauti kuwa namba, kwa kuwa kila kipimo kililazimika kukadiriwa kwenye namba iliyo karibu nacho. Kampuni iliyotoa huduma ya intaneti ilipounganishwa na mitambo moja kwa moja kwa njia ya kidijitali, data iliyokwenda kwa mteja haikupitia tena ugeuzaji huo. Ilibaki kuwa namba hadi kwenye kipande cha mwisho cha waya wa shaba kinachoingia nyumbani. Kati ya zile 64,000, ni 56,000 tu zilizoweza kutumika, kwa sababu baadhi ya viwango vya umeme vilikaribiana mno kuweza kutofautishwa, na katika mitandao ya nchi nyingine, Marekani ikiwamo, biti moja ilichukuliwa mara kwa mara kwa ajili ya kuongozea simu.

Matokeo yake ni kwamba modemu ya 56 ilikuwa ya 56 kwa kupokea tu. Kilichotoka kwa mteja bado kiligeuzwa kuwa namba kwenye mitambo, kwa hiyo kutuma kulibaki kwenye 33,600. Tena, kama njiani palikuwa na ugeuzaji wa pili, mathalani simu ikipita kwenye mitambo ya zamani kati ya mji wa mteja na mji wa kampuni, ile faida yote ilipotea na modemu ikarudi kwenye 33,600 au chini yake. Laini ndefu, au kiungo kilichoingia unyevu wakati wa masika, viliishusha zaidi, ngazi kwa ngazi. Ule mlio wa kukwaruza ambao wazee wetu wanaukumbuka haukuwa kelele za bure: mlio wa mwanzo wa hezi 2,100 uliviambia vifaa vya kuzuia mwangwi kwenye laini vizime, na milio iliyofuata ilikuwa modemu mbili zikiipima laini na kukubaliana kasi ambayo inaweza kuhimili.

Linganisha hayo na kebo yako ya gigabiti. Modemu ya 33,600 ilituma alama, yaani mabadiliko ya ishara kwenye waya, zisizozidi 3,429 kwa sekunde, na kila alama ilibeba karibu biti 10. Kebo ya gigabiti hutuma alama milioni 125 kwa sekunde katika kila jozi ya nyaya, jozi zote nne kwa wakati mmoja, lakini kila alama hubeba biti 2 tu za data; zidisha milioni 125 kwa 2, kisha kwa 4, na utapata biti bilioni 1. Kwa kila alama, basi, modemu ilikuwa hodari karibu mara tano kuliko kadi ya mtandao iliyomo kwenye kompyuta yako. Kebo ya ofisini inashinda kwa sababu haipitii kichujio cha sauti na kwa sababu haitakiwi kuzidi mita 100, wakati laini ya simu ingeweza kuwa na urefu wa kilomita kadhaa.

Jambo jingine ambalo husahaulika ni kwamba kebo za ofisini zilikuwa na kasi hata wakati wa modemu. Robert Metcalfe na wenzake walianza kuunda etheneti, mfumo huu wa kuunganisha kompyuta za ofisini kwa kebo, katika maabara ya Xerox huko California mwaka 1973. Kiwango cha megabiti 10 kiliidhinishwa rasmi mwaka 1983, cha megabiti 100 mwaka 1995, na cha gigabiti kwa kebo ya shaba ya jozi nne mwaka 1999. Ofisi ya mwaka 1998 iliyokuwa na mtandao wa ndani wa megabiti 10 tayari ilikuwa na kebo yenye kasi karibu mara 179 ya modemu iliyowekwa kando yake. Kwa hiyo mtu anayechukua modemu ya wakati ule na kuilinganisha na kebo ya ndani ya leo anachanganya maendeleo ya miaka mingi na tofauti ambayo ilikuwapo tangu mwanzo, yaani tofauti kati ya mtandao wa ndani na njia ya kutoka nje. Ulinganisho wa haki ni njia ya nje kwa njia ya nje, modemu kwa faiba, na huo ndio uliotupatia mara 357.

Kwa kazi zako mwenyewe, mara hizo zinaonekana hivi. Mwanafunzi wa UDOM anapokuja kuomba mkopo wa elimu ya juu na vyeti vyake ukaviskani kuwa faili la megabaiti 5, faiba yako, ikiwa kasi ya kutuma nayo ni Mbps 20, hulipandisha kwa sekunde 2. Modemu, ikituma kwa 33,600 bila kukatika, ingechukua karibu dakika 20, na hiyo ni kwa mwombaji mmoja huku foleni ikiwa mlangoni. Kupakua megabaiti 700, ambazo ni ujazo wa CD moja, kungeichukua modemu inayopokea 56,000 kamili saa 27 na dakika 47. Kwako ni chini kidogo ya dakika 5, na kati ya kompyuta mbili zilizounganishwa kwa gigabiti ni kama sekunde 6. Ndiyo maana enzi za modemu hakuna aliyetuma CD kwa intaneti, na programu ziliuzwa na kunakiliwa mkono kwa mkono.

Kurasa za tovuti ni suala jingine, na hapa malalamiko ya vijana wa leo yana msingi kuliko mzee wako anavyodhani. Ukurasa wa kilobaiti 50 ulikuwa wa kawaida wakati wa modemu na ulifunguka kwa sekunde 7 hivi. Kurasa nyingi za sasa huzidi megabaiti 2, yaani mara 40 ya ule, kwa sababu ya picha kubwa, matangazo na programu ndogondogo zinazopakuliwa pamoja nazo. Kasi ikiongezeka mara 357 na mzigo ukiongezeka mara 40, kinachobaki kwa mtumiaji ni nafuu ya karibu mara 9. Wajenzi wa tovuti wameila sehemu kubwa ya kasi tuliyoipata, na sioni dalili kwamba wataacha.

Kuna pia muda wa kusubiri jibu, ambao hauhusiani moja kwa moja na megabiti. Lori likipakia kreti nyingi zaidi za zabibu hapa Dodoma, halitafika Kibaigwa mapema zaidi kwa sababu hiyo. Kadhalika, kupanua kifurushi huongeza kiasi cha data kinachosafiri kwa pamoja lakini hakufupishi safari. Kabla ya mwaka 2009 Tanzania haikuwa imeunganishwa na kebo ya faiba ya baharini, na mawasiliano ya intaneti na nchi za mbali yalitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi likipanda na kushuka, kisha jibu likipanda na kushuka, karibu nusu sekunde huisha angani, na modemu yenyewe iliongeza sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi kwa kuchakata ishara. Ukurasa mmoja huhitaji maulizo na majibu kadhaa, kwa hiyo sekunde zilipotea hata kabla ya biti ya kwanza ya picha kufika.

Kebo ya baharini ya SEACOM ilianza kazi Julai 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaziunganisha kebo hizo za pwani na mikoa ya bara. Mwanga ndani ya kioo cha faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, umbali wa kilomita 450 hivi kwa barabara, kwenda na kurudi huchukua chini ya milisekunde 5, na seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, iliyo kilomita 10,000 za kebo kutoka hapa haiwezi kukujibu kwa chini ya milisekunde 100 hata ukinunua kifurushi kikubwa kuliko vyote mjini. Hapo nafuu yetu dhidi ya enzi za modemu ni mara 6 hivi kwa seva za ng'ambo, si mamia. Kama tatizo lako ni tovuti fulani ya nje kusita kabla ya kuanza kufunguka, usiongeze kifurushi kwa ajili hiyo.

Nimalizie na kompyuta zako mbili. Namba unayoisoma, 1.0 Gbps au 100 Mbps, ni makubaliano kati ya kadi ya mtandao na swichi kupitia kebo iliyo katikati yao, na haisemi lolote kuhusu intaneti. Kiwango cha megabiti 100 hutumia jozi mbili za nyaya. Cha gigabiti hudai jozi zote nne. Kwa kuwa kebo ni ya aina moja na tofauti imetokea, dhana yangu ya kwanza ni kwamba kwenye ile ya pili jozi moja au mbili hazijafika: ama fundi hakuzibana sawasawa kwenye kichwa cha RJ45, kile cha plastiki kwenye ncha ya kebo, ama uzi mmoja umekatika kwa kukunjwa au kutafunwa na panya. Dhana ya pili ni kwamba kadi ya kompyuta hiyo ni ya zamani na uwezo wake unaishia kwenye megabiti 100. Utazitofautisha bila gharama yoyote: chukua kebo ya kompyuta ya kwanza, ichomeke kwenye ya pili, huku ncha yake nyingine ukiiacha katika poti yake ileile ya swichi, kisha usome tena. Ikiandika 1.0 Gbps, kosa ni la kebo yake ya awali au la poti ya swichi iliyochomekwa. Ikibaki 100 Mbps, kosa ni la kadi.

Kwa upande wa intaneti kosa hilo halikupunguzii kitu, kwa kuwa 100 ni zaidi ya 20. Litakusumbua tu unapohamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta na kompyuta, ambapo utapata MB 11 hivi kwa sekunde badala ya MB 112. Kama hufanyi kazi za namna hiyo, liache lilivyo. Kama unazifanya, mwite fundi abane upya vichwa vyote viwili, au abadilishe kebo kwa ya daraja la Cat5e ya shaba tupu, ambayo inatosha kabisa kwa gigabiti hadi mita 100. Usishawishiwe kununua Cat7 kwa duka la kompyuta nne. Epuka kebo za bei ya chini zenye waya wa alumini uliopakwa shaba, kwani hukatika kirahisi zikikunjwa na hupoteza nguvu ya ishara zaidi kadiri zinavyorefuka. Fundi akimaliza, usimlipe kwa kuangalia taa za swichi zinazowaka. Nakili faili la gigabaiti moja au zaidi kutoka kompyuta moja hadi nyingine na usome kasi, ila unakili kutoka diski ya ndani hadi diski ya ndani, kwa kuwa flashi ya USB 2.0 haiwezi kupita MB 40 hivi kwa sekunde, na ukiitumia utamdai fundi kosa lisilo lake.